Gambuti Mlangoni Pangu

Mama mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limezoea baridi ya Kinangop. Je, viazi mmeshapalilia? Yule ng'ombe mtundu amezaa? Mimi niko salama hapa Eldoret, na kazi ya kushona sare za shule inaendelea, ila moyo unaniuma tangu uliponikatia simu.

Najua Kamau, mtoto wa shangazi, aliwaambia nini. Alipita hapa akielekea Kitale, akaona gambuti za mwanamume, vile viatu vya mpira vya shambani, mlangoni pangu, akageuka bila kubisha hodi. Ndipo ukanipigia: "Unaishi na mwanamume hata hajaleta mbuzi mmoja!" Na Baba akasema asisikie jina langu tena. Mama, gambuti hizo hazina mwenyewe.

Nilipohamia ploti hii ya vyumba vya kupanga nilikuta karibu kila mlango una gambuti za kiume. Unanijua kwa udaku. Nikawa nachungulia: wanaume gani hawa, hawakohoi, hawaogi, hawaitishi hata chai? Wiki nzima sikumwona hata mmoja. Nikamuuliza jirani yangu, Mama Chebet anayeuza maziwa. Alicheka hadi akashika ukuta.

"Wee Wanjiru! Hao ndio mabwana zetu. Hawali, hawapigi mtu. Nunua gambuti zako pia. Watu wabaya wakijua msichana anaishi peke yake, hawakai mbali."

Nikanunua za mitumba, nikazisugua zikang'aa. Asubuhi Mama Chebet alizitazama akatikisa kichwa.

"Na huyu wako anafanya kazi kwa benki? Paka matope! Na usiache zikae pahali pamoja kila siku. Mtu hutembea."

Basi sasa tunazipaka matope na kuzihamisha, na mmoja akisafiri, jirani humhamishia zake. Huwa najiuliza ni mwanamke gani aliyeanza jambo hili. Najiuliza pia kama wezi nao wana dada wanaoweka gambuti mlangoni.

Usidhani ni mchezo, Mama. Mwezi jana mwanamume nisiyemjua alinifuata kutoka stejini niliposhuka matatu hadi ndani ya geti, giza likianza kuingia. Nilikimbilia mlangoni pangu. Nikapaza sauti, nikamwita mume nisiye naye: "Baba Kim, nifungulie!" Mama Chebet, akiwa chumbani kwake, akakohoa kama mwanamume mzee. Yule mtu akaziangalia gambuti, akarudi alikotoka. Tulicheka sana, halafu nikalia.

Msalimie Shosho, umwambie mjukuu wake anaishona shali yake. Msalimie shangazi, umwambie mwanawe siku nyingine abishe hodi kwanza ndipo atangaze. Na mdogo wangu aache kuruka shule.

Baba nimemwacha mwisho makusudi. Mwambie sijamficha mtu yeyote, na ninamkumbuka sana. Kama maneno yangu hayamtoshi, aje ajionee mwenyewe, chai itakuwa tayari. Akija, abebe zile gambuti zake kuukuu za shambani, zile zilizopasuka kisigino. Hizi za mitumba sijui zilikuwa za nani. Nikitoka kazini jioni na kuogopa njiani, nataka zinazoningoja mlangoni ziwe za baba yangu.

Ni mimi binti yenu, ambaye bado hajaolewa,

Wanjiru