Unyayo wa Jonasi Sakafuni

Kijiji cha Ihanda,
Kupitia Duka la Ushirika,
Mbozi.
16 Septemba 1979

Mpendwa kaka Gwakisa,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Tumpe na watoto wote. Kile kikohozi je? Ni upepo wa ziwa au ni vumbi la chaki? Wifi amwage chumvi kwenye maji ya moto usukutue, usijifanye mwalimu hata kwa dawa.

Sisi huku hatujambo, ukiacha uchovu, ambao siku hizi siuhesabu tena kuwa ugonjwa. Raphaeli ametimiza miezi mitano, ananyonya kama ndama. Nakuandikia akiwa mgongoni, kwa hiyo mwandiko ukiyumba usiseme nimesahau ulivyonifundisha.

Kahawa ya mwisho iko juu ya vichanja. Betri za redio nimezianika pembeni yake zipate jua, maana zilikuwa zinakata roho, na nyumba hii bila redio ina ukimya nisioupenda.

Uliuliza kama huku tulisikia juu ya ule mtambo wa Wamarekani uliokuwa ukizunguka angani, ukaanguka mwezi wa saba. Tulisikia sana! Watu walikuwa wanalima huku wanatazama juu. Shaban wa dukani akasema hauwezi kuja kwetu, kwa kuwa Mbozi tulishapewa kimondo chetu, na mbingu haigawi mara mbili kwa mtu mmoja. Ulipoangukia Australia akazunguka kijiji kizima, "Si niliwaambia? Si niliwaambia?" Mpaka leo anatembea kama yeye ndiye aliyeusukuma.

Lakini habari yako ya zile nyayo, kaka, hiyo haikunichekesha. Hiyo ndiyo imenifanya nichukue kalamu.

Uliandika kwamba huko Laetoli, kaskazini mwa nchi yetu hii hii, watafiti wamekuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama sisi, zaidi ya miaka milioni tatu iliyopita. Mlima ulitema majivu, mvua ikayalowesha, wao wakapita, jua likayakausha. Kisha majivu mengine yakaanguka juu yake. Ukasema hata matone ya ile mvua yameacha alama. Nilisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama. Mara ya pili nilikaa chini, maana kaka, na sisi tuna unyayo ndani.

Sikuwahi kukueleza, nikiogopa utasema dada yako ameharibika akili. Sasa nakueleza.

Ile asubuhi shemejio Jonasi alipokwenda vitani na mgambo wenzake, mwezi wa kumi na moja mwaka jana, mimi nilikuwa nasiriba sakafu. Lori lilitazamiwa mchana, likapiga honi asubuhi. Jonasi alikwishafika barabarani akakumbuka kwamba kadi yake ya mgambo ameiacha chumbani. Akarudi mbio. Pale mlangoni akaona udongo mbichi, akavua viatu vyake vya matairi ili asiniharibie kazi. Hebu fikiria, mtu anaitwa vitani, anavua viatu kwa ajili ya sakafu ya mke wake. Akaingia kwa kupitia kando, akachukua kadi, na wakati wa kutoka akaruka. Hakufika. Mguu wa kulia ukatua katikati ya udongo, vidole vikielekea mlangoni. Akacheka, akasema, "Mama Ketrina, huo utausawazisha." Ndilo neno la mwisho nililolisikia kinywani mwake.

Sikuusawazisha. Unajua desturi yetu, msafiri akiondoka hatufagii siku ile, tusije tukafagia njia yake ya kurudia. Kesho yake nilishika udongo, mama mkwe akanishika mkono. "Mwache mwanangu hapo mpaka arudi." Nikamwacha.

Na hapo ndipo tulipokosea, kaka. Sakafu ya udongo haikai bila kusiribwa. Kila wiki mbili nilisiriba, nikizunguka unyayo. Kila wiki mbili sakafu ilipanda kidogo, unyayo ukabaki chini. Kufikia mwezi wa sita ulikuwa umezama kama kibakuli chenye umbo la mguu, na kila kidole na kishimo chake. Kile kidole chake cha mwisho, kinacholalia mwenzake, kilionekana wazi. Ketrina naye, binti yake, anacho kidole kama hicho.

Barua ya Jonasi ilikuja moja tu, mwezi wa pili, kutoka karibu na mpaka wa Uganda. Baadaye tukatangaziwa ushindi, tukaimba. Boazi, yule wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alirudi akichechemea mwishoni mwa mwezi wa saba. Nikamwuliza. Akasema mara ya mwisho alimwona Jonasi ng'ambo ya mto, akiwa amesimama, na alipotazama tena kulikuwa na moshi. Zaidi ya hapo hakusema, na jeshi halijasema kitu. Si mjane mimi, na si mke wa mtu aliyeko.

Tangu Boazi arudi ndipo Ketrina alipoanza. Anaamka alfajiri, anakwenda kukaa kando ya unyayo na kikombe chake cha uji. Nilidhani anacheza. Siku moja nikamwona anaumimina uji ndani, polepole, kuanzia kisigino.

"Unafanya nini mwanangu?"

"Baba anakula."

Mama mkwe alikuwa pale, na hakumkataza. Nadhani yeye ndiye aliyemwonyesha, ingawa mpaka leo anakana. Nilichukua kitambaa nifute. Kaka, ule uji haukuwepo. Najua udongo mkavu hunywa. Nimesiriba sakafu tangu nina miaka minane, sihitaji kufundishwa. Lakini pale palikuwa pakavu na safi kama bakuli lililolambwa.

Nikakataza. Ketrina akawa anasubiri nitoke kwenda kisimani. Nikimpa uji mezani anakunywa nusu, nusu anaificha mdomoni na kuitemea kule. Unacheka? Mimi sikucheka. Miguu yake ikawa myembamba, macho yakawa makubwa. Kliniki ya mwezi wa nane, nesi alitazama kadi, mstari umeshuka. Akanitazama mimi.

"Mama Ketrina, mtoto huyu chakula chake anakula nani?"

Alimaanisha labda mdogo wake, au bibi.

Siku nne kabla ya barua yako, nilikuwa nachambua kahawa nje, Ketrina akaja, akasimama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenieleza kwamba kuku ametaga, "Mama, baba amegeuka."

Nikaingia ndani. Uji ule wa kila siku ulikuwa umelainisha kingo, udongo umemeguka hapa na pale. Nilikaa pale na Raphaeli mgongoni, nikatafuta kisigino kiko wapi. Sikukiona. Mbele na nyuma vilikuwa vimefanana. Usingeweza kusema mtu huyu anatoka au anaingia.

Halafu barua yako ikaja, na ndani umeandika kwamba kati ya wale wa Laetoli, yule mwenye miguu midogo inaonekana alisita mahali fulani, akageuka kidogo kushoto, kisha akaendelea na safari. Ukauliza, "Unadhani alisikia nini, Tabita?" Wewe uliuliza kwa kupenda elimu. Mimi nilitazama mlango wetu uko upande gani wa unyayo.

Siku ile nikakata shauri. Mume wangu nampenda, Mungu anajua, lakini sitamlisha baba mtu kwa mwili wa mwanawe. Nikamwambia mama mkwe kwamba Jumamosi nausiriba.

Alilia kilio ambacho hakukilia hata Boazi aliporudi peke yake. "Unamfukia mwanangu akiwa hai! Akija atapita wapi?"

Basi nikachukua barua yako nikamsomea. Nilisoma yote, majivu, mvua, jua, na majivu mengine juu. Nikamsomea pale uliposema watafiti wakimaliza kuzipima wanazifunika tena kwa mchanga. Jioni, nikimenya mihogo, akauliza:

"Hao wataalamu, kama wanazipenda hizo nyayo, mbona wanazifunika?"

"Kwa sababu wanazipenda, mama. Zilizoachwa wazi huliwa na mvua na kwato. Zilizofunikwa ndizo zilizofika mpaka leo. Huu wetu miezi kumi tu umekwisha kuharibika, na mtoto anaharibika nao."

Jumamosi asubuhi, tarehe nane, nilipokuwa nakanyaga udongo, alikuja na ungo wa majivu ya jiko lake mwenyewe, ameyachekecha mpaka yamekuwa laini kama unga. Akapiga magoti. Akayajaza katika unyayo kwa mkono wake, kidole kimoja kimoja, na alipofika kwenye kile cha mwisho kilicholalia mwenzake akakaa kidogo. Kisha akaniambia, "Haya, funika." Nikafunika. Ketrina nilikuwa nimemfunga kwa kanga kwenye mguu wa kitanda, kaka, nisamehe. Alipiga kelele, "Hataona! Baba hataona!" Nikamaliza, nikamfungua, nikamkalisha mapajani na kumpa uji kijiko kwa kijiko. Alikunywa kikombe kizima huku akinitazama kama mgeni.

Sakafu yote ilikauka kufikia saa sita mchana. Pale tu palibaki pabichi mpaka Jumanne. Najua, udongo pale ni mzito, na majivu hushika maji. Najua. Nakueleza tu.

Raphaeli ameamka, naiacha barua hapa.

*

Leo ni Alhamisi, tumetoka kliniki. Ketrina amepanda, kaka! Si sana, lakini mstari wa kadi umeinua kichwa. Nesi akasema, "Naona chakula kimepata mwenyewe." Nililia njiani mpaka mama mkwe akambeba Raphaeli.

Kwa hiyo kazi ya barua yako umeiona. Uliandika habari za kale kumchangamsha dada, umemponya mtoto. Wanafunzi wako wakikuuliza elimu ile ina faida gani, waeleze hiyo.

Kuna jambo moja limebaki. Sakafu sasa ni sawa kote. Nimepapasa kwa kiganja, mimi niliyeisiriba, na mahali penyewe siwezi tena kupatambua. Mama mkwe naye hawezi. Lakini Ketrina kila akipita sebuleni, hata akiwa anakimbia, hata akitazama pengine, akifika katikati hurefusha hatua na kuvuka. Daima mahali pale pale. Juzi nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Nisimkanyage."

Sikumgombeza. Kula anakula. Kuvuka na avuke.

Sasa ombi langu. Askari bado wanarudi kutoka Uganda, na wengine wanapita huko kwenu Musoma. Ukienda stendi, watazame kwa niaba yangu. Usimtafute kwa uso, Boazi alirudi na uso ambao mama yake aliuliza wa nani. Tazama mguu wa kulia, kidole cha mwisho. Ukimpata, mweleze kwamba ana mtoto wa kiume na jina lake ni Raphaeli. Mweleze kwamba sikumfuta, nilimfunika. Na akifika mlangoni avue viatu kama siku ile, maana kuanzia sasa nitasiriba kila Jumamosi, na sakafu yangu inaweza kuwa mbichi.

Na kama hutampata, niandikie hivyo hivyo, bila kunipamba. Nimeshazoea kutokujua, lakini sitaki kuzeeka nako.

Msalimie sana wifi Tumpe, mwambie kitambaa alichonipa ndicho nguo ya ubatizo ya Raphaeli. Baba yetu mzee Asajile anakusalimu, anauliza utamletea lini samaki wa ziwani. Mama mkwe Ferista naye anakusalimu, na ameniagiza nikuulize kama wale wa Laetoli waliwahi kufika walikokuwa wanakwenda. Nimemwambia kaka atajua.

Mungu ailinde milango yenu, na kila anayetoka arudi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye siku zote,

Tabita