Taa za Garsen

Golbanti, 2 Julai 1956

Mwanangu Adano,

Salamu nyingi. Hujambo huko kambini unakofanya kazi? Sisi wazima, isipokuwa mgongo wa mama yako. Viboko wameingia tena mpungani mwangu. Kwa Jilo hawajagusa hata shina. Unajua tunalinda mashamba yetu mawili kwa zamu, juu ya dungu moja. Yeye akigonga debe, mimi nalala. Basi wanakuja zamu yake tu! Na huyu ndiye baba wa mchumba wako. Kuna kitu amewafanyia wanyama wale.

Baba yako, Gollo


Garsen, 10 Julai 1956

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, mpe mama pole. Tafadhali usimdhanie Jilo vibaya. Tangu nianze kuwasha mashine ya umeme hapa, taa za kambi zinamulika mto mpaka alfajiri. Ndege hawalali, ni kelele tupu. Nyasi za ukingoni zimerefuka, maana viboko wanaogopa kutoka majini penye mwanga. Wamehama. Hata yule kiboko wa kivukoni, Sikio Moja, simwoni. Nadhani wameshuka kwenu, na shamba lako ndilo la kwanza kwa anayetoka huku juu.

Mwanao, Adano


Golbanti, 18 Julai 1956

Mwanangu,

Hatujambo. Taa ifukuze kiboko? Nani kakutia maneno hayo, binti Jilo? Umekuwa wakili wao hata hujaoa! Nimelibomoa dungu. Kila mtu alinde lake, tuone. Na uchumba usimame kwanza.

Baba yako


Golbanti, 6 Agosti 1956

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Huku si kwema. Jilo alikuwa akilinda chini, hana pa kupanda. Kiboko amemvunja mguu. Nilikimbilia mayowe na kijinga cha moto, nikamwona mnyama mwenyewe: ana sikio moja. Sijapata kuona aibu namna hii. Nilikwenda kumwomba radhi, nikamsomea barua yako. Hakunitukana. Alisema tu, "Mwambie mwanao azime."

Baba yako


Garsen, 14 Agosti 1956

Baba,

Shikamoo, na poleni sana. Nilizima. Bwana wa kambi akanifukuza asubuhi yake, na jioni akaweka mtu mwingine wa kuwasha. Nakuja nyumbani. Tafuta miti ya dungu. Zamu ya Jilo nitakesha mimi. Msalimie yeye na binti yake, kama watazipokea salamu zetu.

Naandika haya usiku wa manane, ng'ambo ya mto, mbali na kambi. Sina kibatari, mwezi umeshatua, na herufi zangu zote naziona.

Mwanao, Adano