Sadala Si Mtindo wa Dansi

Kijiji cha Kang'ata,
Handeni.
14 Agosti, 1977

Mpendwa mdogo wangu Mdoe,

Nakusalimu, maana salamu hainyimwi ndugu hata moyo ukiwa unawaka. U hali gani huko Ubelgiji? Kile kifua kimekuachia? Sisi huku tunaamka. Mama miguu inamsumbua, lakini shambani anafika. Mahindi tumevuna, si mengi, yanatutosha. Mfungo unaingia keshokutwa, Mungu akipenda.

Barua yako na picha nilizipata. Suti imekukaa vizuri. Sasa nisikilize.

Jumatano iliyopita, nilipomaliza kufundisha kisomo cha watu wazima, watu walibaki pale ofisi ya kijiji kusikiliza redio. Mtangazaji wa huko Ulaya akasema kwa Kiswahili kwamba Mdoe, kijana wa Handeni, ameingia fainali ya mashindano ya nyimbo ya mataifa, kwa wimbo wa dansi wa Kifaransa alioutunga mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuwashinda wote, na leo naona haya kukuambia. Kisha wimbo ukaanza, magitaa na matarumbeta, na sauti yako ikaita: Sadala, Sadala ee.

Kifaransa sikijui, Mdoe, lakini sauti ile naijua inavyopanda na mahali inapokatika. Ni wimbo wa dada yetu Swaumu.

Alikuwepo Dominiko, Mrundi anayefanya kazi kwenye mkonge kule Korogwe, amekuja kutafuta mahindi. Nikamwomba anifasirie. Akaniambia unasema: Sadala, inuka tucheze, usiku ungali mbichi. Tena mtangazaji alikuwa ameshaeleza kuwa Sadala ni mtindo mpya wa dansi.

Mtindo wa dansi! Umesahau, au umetaka kusahau? Tulipohama Kwaluguru kuja huku, mvua ilitukuta nyumba hazijaezekwa. Mwana wa Swaumu alikuwa na miaka minne. Homa ilimkamata njiani, na siku ya tatu akafa mikononi mwa mama yake, chini ya turubai. Swaumu akakaa naye akimwimbia, Sadala, inuka twende kwetu, mpaka wazee wakamwondoa ili mtoto azikwe. Wimbo huo hakuutunga mtu kwa kalamu.

Wewe ulikuja kwenye arobaini na gitaa lako. Ukamwomba Swaumu auimbe. Ukamwomba tena, na mara ya tatu, huku unatafuta nyuzi. Mimi nilitaka kukukataza, yeye akanizuia. Alidhani mjomba analia pamoja naye. Kwetu Wazigua mjomba ndiye mwenye mtoto, hilo hukufundishwa na mzungu wala hatakufundisha. Kumbe ulikuwa unachota.

Vijana pale ofisini walikuwa wameshainuka wanacheza. Ndipo Swaumu akaingia, ametoka kisimani, ndoo bado kichwani. Akasimama akasikiliza mpaka jina likaitwa mara ya pili. Nilimfuata nimshike mkono, akanipita. Akatua ndoo, akaizima redio, akawageukia wale vijana. Hakupaza sauti.

"Huyo mnayemchezea ni mwanangu," alisema. "Kaburi lake liko pale nyuma ya ghala."

Wakatoka mmoja mmoja, na msichana mmoja akambebea ndoo mpaka nyumbani.

Kesho yake mwenyekiti wetu, Mzee Mhina, akaniita niandike barua ya pongezi kwako kwa niaba ya kijiji. Ni mtu mwema, jana yake hakuwepo. Nilimweleza yote. Akasema barua ya kijiji isiandikwe, iandikwe ya nyumbani. Ndiyo hii.

Usinijibu kwamba muziki ndivyo ulivyo. Wala usitume kitambaa wala redio kutupoza, nitavirudisha posta siku hiyohiyo. Ungemwomba ruhusa dada yako, huenda angekupa. Ungesema tu kwamba wimbo ni wake, tungelia na kushangilia kwa pamoja. Wewe umesema umeutunga mwenyewe.

Fainali umeandika ni mwezi wa kumi. Kabla hujafungua mdomo mbele ya watu hao, waambie Sadala alikuwa nani na wimbo aliuimba nani. Waambie kwa Kifaransa chao waelewe. Ukishindwa, liondoe jina la mtoto, uite jina lako mwenyewe walichezee. Na ukishindwa hata hilo, ushinde huko, ukae huko.

Nakuandikia hivi kwa sababu nimekubeba mgongoni. Asiye wangu nisingempotezea wino.

Mama anakusalimu. Mjomba Mbaruku na mkewe Fatu wanakusalimu, hawajaambiwa bado. Mungu akulinde na akurudishie uso wako.

Swaumu nilimuuliza kama ana neno kwako. Aliendelea kuchambua mchicha. Mwishowe akaniambia nikuandikie jina kamili, herufi kubwakubwa, ili siku ya kulitaja usikosee: SADALA MWINJUMA.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukukasirikia,
Mwaija