Jino la Juu

Mama yangu,

Jambo huko Pweto. Goti lako linaendeleaje? Na dagaa, wanashikwa, au ziwa bado limenuna? Sisi hapa Likasi tunapumua. Umeme unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, na Neema wangu ananenepa.

Habari yenyewe ni hii: baba yake Neema amehamia Kamatanda, kwenye machimbo. Hajaumia, hajaoa mwingine. Amechoka nami tu. Kila asubuhi akitoka na sururu yake, mimi nilikuwa naosha vyombo, sisemi neno. Siku ya mwisho alisimama mlangoni.

“Feza, hata kuniambia ‘wende muzuri’ hauwezi? Miye niko bwana yako ao mupangaji?”

Nikaendelea kuosha sahani.

Wewe unajua kwa nini. Shangazi zangu wamenilea na neno lile, kwamba mimi ni mtoto wa mkosi kwa kuwa meno yangu ya juu yalitangulia ya chini, na kila jino la utoto lilipong’oka alikufa mtu. Niliamini. Nikaona kwamba nitakayempenda waziwazi nitamzika. Basi nikampenda mume wangu kimya kimya, mpaka akadhani simpendi. Hakufa, mama. Aliondoka. Nilidhani nitalia, sikulia. Moyo umekufa ganzi. Napika, nafua, nalala.

Juzi Neema akaota jino la kwanza. La juu. Nilimpeleka kwa mama mkwe kama mtu anayepeleka habari za msiba. Akaingiza kidole, akacheka.

“Ah, Mama Neema! Ile ni jino tu. Itakuluma wakati unamunyonyesha, utalia, basi.”

Akarudi kutwanga sombe yake, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. Nilisimama pale nikingoja kitu kitokee. Hakikutokea.

Ulisema tumlete mtoto likizo, shangazi wamwone. Sitamleta. Jino siliogopi tena sana. Nawaogopa wao na midomo yao. Jumapili nitambeba twende Kamatanda, nimweleze baba yake kwa nini nilinyamaza. Sijui kama ataniamini. Siku hizi sauti yangu haina ladha hata kwangu mwenyewe.

Msalimie baba, apunguze tumbaku. Msalimie mdogo wangu na mkewe. Shangazi mkubwa naye msalimie, sina kisasi. Akiuliza ni jino gani lilitangulia, mwambie mtoto ana jino.

Ni mimi binti yako,
Feza