Suruali ya Nyapara

Dada mpenzi,

Sisi hatujambo. Mwanangu mdogo ameota meno, na mvua imehamia chumbani kwetu bila kulipa kodi. Mchana hatupiki tena. Watoto wameshazoea, usinihurumie.

Unamkumbuka nyapara wa kiwanda cha nguo? Siku aliyotufukuza sisi washonaji alipanda juu ya meza akicheka: "Ninyi ni bandi tu! Mnashikiza kwa muda, kazi ikiisha mnafumuliwa." Wewe umeshona, unaijua bandi, ule uzi wa kushikizia nguo kabla ya mshono wenyewe. Neno lile nikaliweka akiba.

Juzi akaja kwangu, ninakoshonea watu siku hizi, na kitambaa cha bei. Alitaka suruali ya kuvaa siku ya kuwasha mashine mpya, hizo hizo zilizochukua kazi zetu. "Haraka, na unipunguzie," akasema. Nikamjibu, "Hewala, bosi." Miguu niliishona vizuri. Makalioni nikapiga bandi, nikapitisha pasi, ikatulia.

Mbele ya matajiri wake akainama kubonyeza swichi. Sisi tuliofukuzwa tulikuwa tumejaa getini, Dada, tukausikia mshono ukiachia kabla hatujaona kitu. Halafu tukaona vyote.

Jioni alinifuata, koti kalifunga kiunoni, ananguruma: "Umenishonea nini wewe?"

"Bandi tu, bosi. Kazi imeisha, imefumuka."

Kiwandani sitarudi tena, hilo najua. Lakini mtaa mzima umenipa jina, nami nimelipokea.

Mdogo wako,
Bandi