Mkate wa Kitani Aliouagiza Baba

Jumatano, baada ya isha

Uji umempita Baba kooni leo, alhamdulillahi. Tangu uvimbe umzidi, hamezi kitu kigumu. Mbegu za kitani za kula, zisizopigwa dawa ya kupandia, nazisaga na kuzitia kwenye uji. Hutoa ute, uji ukateleza bila kumkwaruza. Naogopa siku huo uji nao utakapokataa kupita.

Mchana aliniita. "Mwanangu, hizo mbegu zikaange, uzitie kwenye mkate. Nataka mkate."

Baba alichoma mikate hapa Bofu tangu mimi sijazaliwa. Ningemkatalia vipi? Nikazikaanga mbegu mpaka zikarukaruka, nikakanda unga, nikaoka.

Alikinusa kipande, akakitafuna polepole, macho kayafumba. Kisha akakitema kwenye kitambaa.

"Umewiva vizuri," akasema. "Chumvi tu imepungua."

"Kesho nitaongeza, Baba."

Akatikisa kichwa. "Kesho nipe uji. Mkate usinipikie tena, mwanangu."

Nikakikunja kile kitambaa, nikakipeleka jikoni.

Mkate wote nimewagawia majirani, na kila mmoja ameusifu. Mimi mwenyewe nimeshindwa kuuonja.