Mkono wa Sungura wa Karatasi

Tingi, Kilwa

Bibi yangu wa Milola, shikamoo. Naandika herufi kubwa ili usome mwenyewe, maana sasa umehitimu kisomo cha watu wazima.

Utafiti wangu wa chuo kuhusu sinema za michoro za Kichina umenileta huku. Leo tumeonyeshwa sinema ya yule sungura wa karatasi, darasani, madirisha yamezibwa kwa mikeka. Unamkumbuka, gari la sinema lilipokuja Milola nikiwa mdogo? Alipokula wali kwa mkono wa kushoto ulininyanyua ukasema, "Twende zetu. Huyu hana adabu, atakuharibia tabia." Nililia njia nzima kwenye mikorosho, na mwisho wake sikuuona.

Leo nimekaa mbele, pamoja na wanaume. Bibi, sungura anakula kwa mkono wa kulia! Siku ile sisi wanawake tuliwekwa nyuma ya shuka la kuonyeshea picha, tukaziona zimegeuka; ndiyo maana mkono wa kulia tukauona wa kushoto.

Mwishoni anarudi kwa bibi yake, anakuta amewekewa chakula. Nimelia tena, mimi msomi mzima.

Mungu akuzidishie afya. Gari la sinema likija tena Milola, kaa mbele, hata wakikukodolea macho.

Mjukuu wako,
Somoe